Maua Yaliyotoka Lubumbashi

Maua ya plastiki yana harufu. Watu husema hayana, kwa sababu huyainamia wakitafuta harufu ya waridi. Lakini fungua mfuko mpya, uliofungwa kiwandani ukakaa siku nyingi ndani ya gunia, uingize pua kabla upepo haujaingia: utasikia kitu kama mpira mpya wa baiskeli, na sabuni kidogo, na nyuma yake utamu usiotokana na chochote kilichoota ardhini. Juzi nilikwenda kumsaidia jirani kupanga meza za arusi ya binti yake, katika ukumbi mmoja hapa Kamina. Vijana walikuwa wanapasua mifuko ya maua juu ya viti. Harufu ile ikanipata mlangoni. Mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wanaovaa viatu vikubwa kuliko vyangu, nikatoka nje, nikasimama kati ya pikipiki zilizoegeshwa, nikajifanya natafuta kitu katika simu mpaka macho yakakauka.

Kwa muda fulani wa utoto wangu, ile ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu.

Ninyi wa rika langu, hasa mliokulia katika nyumba za reli, mnakumbuka jinsi treni ilivyotuendesha. Ikija, kulikuwa na chumvi, nguo na habari. Isipokuja, watu wazima walitoka nje jioni wakatazama upande wa Bukama kama watu wanaosubiri mvua. Baba yangu alikuwa mtu wa kugeuza reli: yeye ndiye aliyesukuma kile chuma kirefu ili treni ya Lubumbashi ipate njia yake na ya Kalemie ipate yake. Mikono yake ilinuka grisi hata siku ya misa. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache tu, na baada ya mama kuondoka, hata hayo machache akayapunguza.

Mama aliondoka kwa treni. Nilikuwa bado sijaanza shule. Namwona akitembea kuelekea behewa, kitenge kimefungwa juu sana, karibu na kifua, naye anakwenda polepole, shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba maji kichwani, ilhali hakubeba kitu. Dada yangu mkubwa, niliyemwita Yaya Mado kama sisi tunavyowaita dada wakubwa, alikuwa amemshika mkono. Waliniambia Mama anaenda Lubumbashi kwa daktari. Kisha mimi nikapelekwa Kabondo-Dianda kwa nkambo, bibi yangu mzaa baba, nikakaa huko msimu mzima wa mvua, nikala samaki na kulala ubavuni pake, nikifurahi bila kujua.

Niliporudi Kamina, Yaya Mado alikuwa nyumbani na kichwa chake kimenyolewa. Nilidhani amepata chawa. Nikamcheka, naye akaniacha nimcheke. Baba alikuwa ameketi uani, kofia ya kazi juu ya goti.

"Mama eko wapi?" nikamuuliza.

"Mama alibaki Lubumbashi," akasema.

Hakusema uongo. Alibaki huko kweli, chini ya udongo mwekundu wa makaburi ya mji ule, kwa sababu wakati huo treni zilikuwa zimesimama na hakukuwa na namna ya kumrudisha. Kilio kilifanyika hapa Kamina, Baba na Yaya waliporudi kutoka mazikoni, nikiwa bado kwa nkambo. Majirani walilia wakamaliza, wakakunja mikeka yao, na mimi nikarudi kwenye nyumba ambayo huzuni yake ilikuwa imekwisha fagiliwa. Kila mtu alidhani mwenzake ameniambia. Au labda kila mtu alitumaini hivyo.

Yaya Mado alirudi kutoka Lubumbashi na ufundi. Alijua kutengeneza maua ya meza, yale mapambo yanayokaa katikati ya meza kwenye arusi, ubatizo na komunyo ya kwanza. Kabla yake, watu wetu wa Kamina walitandika kitambaa cheupe wakaweka chupa katikati, basi. Yaya alipopamba meza za binti wa katekista wa parokia yetu, wanawake waliacha kula wakawa wanagusa petali kwa vidole. Tangu siku hiyo mlango wetu haukupumzika.

Maua yenyewe yalitoka Lubumbashi, ndani ya magunia, kwa treni. Aliyeyatuma alikuwa mfanyabiashara mmoja, Mama Véro, ambaye Yaya alifahamiana naye kule hospitalini. Mimi sikuwa nimemwona kamwe, wala jina lake sikulijua, maana Yaya alimwita tu kama sisi sote tunavyomwita mwanamke mzima: Mama. Siku moja nilikuwa nachezea mchanga mlangoni, Yaya akaja mbio kutoka stesheni, uso umefunguka kwa mara ya kwanza tangu anyolewe.

"Bijou! Mama ashatuma maua!"

Mtoto wa umri ule ana mama mmoja tu.

Gunia lilipofunguliwa sebuleni nilikuwa wa kwanza kuingiza kichwa. Ndipo ile harufu iliponiingia. Maua yalikuwa yamebanwa, waridi limelala juu ya yungiyungi, majani yamekunjamana, na mimi nikaona mikono ya Mama ikiyapanga, ikiyabana ili mengi yaingie, ikifunga mdomo wa gunia kwa kamba. Kwa hiyo hakuwa ametusahau. Alikuwa na kazi kule. Alikuwa anatutumia maua.

Nilikuwa msaidizi wa Yaya kwa bidii ambayo hakuielewa. Kazi yangu ilikuwa kufufua maua. Yale ya kitambaa yakikunjamana huwa hayafai, lakini ukiyashika juu ya mvuke wa sufuria, yanalegea, nawe unanyoosha petali moja moja kwa kidole gumba mpaka ua linafumbuka tena. Sufuria yetu mara nyingi ilikuwa ya maharagwe, na mawaridi mengi ya Kamina yaliingia arusini yakiwa na harufu ya maharagwe kwa mbali. Yale ya plastiki niliyaosha kwa maji ya sabuni, nikayaanika kwenye uzio wa miti ya miiba, na wapita njia wakasimama kushangaa mti wa miiba uliochanua usiku mmoja.

Yaya alikata kitako cha pambo kutoka frigolite, ile nyeupe nyepesi inayofungiwa televisheni ndani ya katoni. Alikipasha kisu motoni ili frigolite ikatike bila kumeguka, nayo ikatoa moshi mweusi uliotukohoza. Kwa vikonyo alitumia nyaya za tairi lililochomwa, akazivisha vipande vya kitambaa cha kijani vilivyopakwa gundi ya unga wa muhogo. Maua ya plastiki yalipopungua, alikata mengine kutoka karatasi laini ya rangi, akayachovya ndani ya mshumaa ulioyeyushwa, yakatoka yakiwa magumu na yanang'aa kama yametoka mvuani.

"Angalia kidevu chako," alikuwa ananiambia kwa Kiswahili chetu, ambacho "mimi" ni minyi na "ndiyo" au "ndiye" ni njo. Nilikuwa nakaa kitini mbele ya meza, na yeye anaweka pambo kati yetu. "Ua likipita kidevu, minyi sikuone tena. Bantu banakaa ku meza juu ya kuonana. Maua haiko ukuta."

Kisha alilizungusha pambo juu ya beseni lililopinduliwa, alitazame pande zote, kwa sababu meza haina nyuma. Kila mgeni anataka kuona uso.

Nilikuwa nauliza maswali, naye ananijibu huku ameshika waya kwa meno.

"Yaya, Mama anajua hii inaenda kwa arusi ya nani?"

"Anajua. Nilimuambia ku foni." Foni ilikuwa ile redio ya sauti iliyokuwa karibu na soko, ambako watu walipanga foleni wapige kelele mpaka Lubumbashi.

"Na anasema nini?"

"Anasema rangi ya mauve, ile zambarau ya kupauka, njo inapendwa kule sasa."

"Ananiulizia?"

Yaya alitoa waya mdomoni, akatabasamu. "Weye? Anakuulizia kila siku. Anasema, ule mutoto mudogo anakomea muzuri, anakuwa mukubwa?"

Ningewezaje kuwa na shaka? Nililala nikiwa nimeshiba maneno hayo. Wakati fulani, nikiwa nafumbua ua moja la zambarau, dalia, nilikuta unywele mmoja mrefu mweusi umenaswa kati ya petali. Nikaufungia ndani ya kisanduku cha kiberiti, nikakificha chini ya godoro, nikawa nakifungua asubuhi na kuutazama unywele juani. Leo nadhani ulikuwa unywele wa msichana fulani wa kiwandani, huko ng'ambo, ambaye alikuwa na mama yake mwenyewe wa kumfikiria. Wakati ule ulinitosha kabisa.

Baba alikuwa anapita sebuleni, anaruka juu ya waya na makaratasi, anatukuta tumeinama vichwa pamoja. Nyakati nyingine alisimama. Mara moja alishika waridi jeupe kwa vidole vyake vyenye grisi, likabaki na alama, akalirudisha mezani taratibu kama mtu aliyevunja kitu. Sikujua kwamba alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Kisha ikaja siku ya habari kubwa. Ilikuwa kiangazi, vumbi juu ya majani yote. Yaya alirudi kutoka kwenye foni akiimba.

"Bijou, tufagie nyumba. Mama anakuya! Eko mu treni, bashatoka Likasi."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena, hata siku ya arusi yangu, hata siku nilipowekewa mtoto wangu wa kwanza kifuani. Nilifagia uani mpaka udongo ukang'aa. Niliomba nitengeneze pambo la meza peke yangu, la kumpokelea Mama, na Yaya akanipa masalio: dalia mbili, majani ya kila aina, waridi moja lililopoteza petali upande. Nililigeuza upande ule mbovu ukajificha. Nikakaa kitini nikapima kidevu, kisha nikakumbuka kwamba Mama ni mrefu kuliko mimi, nikaliongeza kimo kidogo, kisha nikalipunguza tena nikihofia asinione.

Treni za siku zile mnazijua. Ikasemwa iko Tenke, ikasemwa imeharibika, ikasemwa imefika Bukama. Mimi nilivaa gauni langu la misa kila asubuhi na kulivua kila jioni. Hatimaye, alasiri moja, tukasikia honi yake, na Yaya akanishika mkono tukakimbia.

Stesheni ilikuwa imejaa. Baba alikuwa kule mbele kwenye kazi yake, bendera mkononi. Mabehewa yakapita mbele yetu polepole, watu wamening'inia milangoni, mbuzi wanalia, na mimi nikatazama kila uso wa mwanamke, kila kitenge, kila shingo iliyonyooka. Nilikuwa nimeogopa kwamba sitamtambua. Sura yake ilikuwa imeanza kunitoka, na nilikuwa nimejiambia kwamba nikimwona tu itarudi yote.

Akashuka mwanamke mfupi, mnene, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, amebeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa. Yaya akapiga kelele, "Mama!" akamkumbatia. Yule mwanamke akacheka, akageuka kwangu, akafungua mikono.

"Njo huyu Bijou? Kuya, mwanangu, nikuone!"

Nilirudi nyuma. Nilichungulia nyuma yake, ndani ya behewa, nikidhani Mama bado anakusanya mizigo. Behewa lilikuwa limebaki tupu.

"Mama eko wapi?" nikasema.

"Bijou," Yaya akasema, "njo huyu Mama."

"Huyu haiko mama!" Nilipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Huyu haiko mama yangu! Mama yangu iko mu treni! Ulisema anakuya! Ulisema!"

Nilimwona Yaya akielewa. Sijapata kuona tena uso wa mtu ukibadilika vile. Aliketi juu ya gunia la mtu mwingine, akaweka mkono mdomoni, na alichosema, alikisema kwa sauti ndogo sana: "Vidye wami. Mungu wangu. Muda wote huu?"

Baba alikuwa amesikia. Alimkabidhi mwenzake bendera, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya treni ikiwa stesheni. Alikuja akaniinua. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa, miguu yangu ilimpiga magotini, lakini alinibeba kando ya reli mpaka nyumbani, na mimi nikampiga begani kwa ngumi njia yote. Hakunizuia.

Sebuleni, pambo langu lilikuwa katikati ya meza. Mama Véro aliingia nyuma yetu, akaweka beseni lake chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Baba Mado," akasema, "mutoto hajue?"

Baba alinishusha chini.

"Minyi nilifikiri anajua."

"Nilikuwa natafuta siku ya kumuambia," Baba akasema.

"Siku njo hii," Mama Véro akasema, bila ukali. Akavuta kiti akakaa, kama mtu anayesema kwamba hataondoka mpaka jambo limalizike.

Baba alipiga magoti mbele yangu. Alinuka grisi na jasho. "Mama yako alikufa, Bijou. Alikufa ku hospitali, na tulimuzika kule kule. Minyi nilikuwa pale. Yaya wako alikuwa pale. Alikuita jina."

Nakumbuka kwamba sikulia mara moja. Niliuliza jambo ambalo mtoto tu angeuliza. Nilimgeukia yule mwanamke.

"Sasa maua, ni nani alikuwa anatuma?"

"Njo minyi."

"Na alikuwa ananiulizia kila siku, ni nani?"

Macho yake yakajaa. "Njo minyi, mwanangu."

Ndipo nikalia.

Mama Véro alikaa kwetu mpaka treni ya kurudi ilipopatikana. Nilimchukia kwa siku mbili tatu, kisha nikachoka kumchukia, kwa sababu alikuwa mtu mwenye joto na alikaanga mandazi mazuri. Ni yeye aliyenipa kitu ambacho Yaya hakuweza kukisema bila sauti kukatika. Kule hospitalini, alisema, yeye alikuwa anamuuguza mama yake mzazi, kitanda chake jirani na cha mama yangu. Mchana, wagonjwa walipotolewa uani waote jua, yeye alikaa juu ya mkeka akitengeneza maua ili mikono isikae bure, na Yaya Mado akaja kuketi karibu, akajifunza. Mama yangu alilala ubavu akiwatazama.

"Ua la kwanza la Mado," Mama Véro akasema, "tulimuonyesha mama yako. Akaliangalia hivi, akaligeuza. Akasema: 'Mado, hii iko ua ao iko shu?' Tulicheka! Yeye mwenyewe alicheka mpaka muuguzi akakuya kuangalia."

Shu, yaani kabichi. Yaya alikuwa anafua uani. Nilimsikia akiacha kufua, na baada ya muda nikamsikia akicheka peke yake, kicheko kilichokuwa karibu sana na kilio.

Kwa muda mrefu baada ya hapo sikugusa maua. Yaya hakunilazimisha. Meza za arusi ziliendelea kupambwa, sufuria ikaendelea kutoa mvuke, na mimi nikawa napita mbali na magunia ili harufu isinifikie. Kisha asubuhi moja nilikaa tu mezani, nikavuta waya. Nilitaka kutengeneza ya Mama. Yaya akaanza kunieleza kwamba maua ya kaburini ni mengine, yanapindwa yakawa duara kama gurudumu, lakini akaona uso wangu akanyamaza. Mimi nilijua ya meza tu. Nilichagua meupe na ya zambarau, nikayaweka chini, mafupi, yasizidi kidevu.

Baba aliyakuta mezani aliporudi kazini. Alikaa upande wa pili. Tukaonana juu yake.

"Nikipata likizo," akasema, "tutapeleka, minyi na weye."

Akatimiza. Tulisafiri kwa treni, pambo ndani ya beseni mapajani mwangu, limefunikwa kwa kitenge cha Yaya dhidi ya vumbi. Sikumbuki mengi ya safari ya kwenda, ila mikono yangu iliyokufa ganzi na kukataa kwangu kulikabidhi beseni kwa mtu yeyote. Lubumbashi ilinitisha kwa kelele. Tulifikia kwa Mama Véro. Alitaka kutusindikiza makaburini, Baba akasema hapana, atapaona mwenyewe.

Hakupaona. Makaburi yale yalikuwa yamepanuka kuliko alivyoyaacha. Misalaba ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa, mingine imeng'olewa kuwa kuni, na majani yalikuwa yamepita kiuno changu. Baba alitembea mbele, akarudi, akahesabu kitu kwa midomo akitazama ukuta, akaenda upande mwingine. Alivua kofia. Jasho lilimtiririka shingoni. Nilimfuata na beseni langu kichwani, bila kuuliza kitu, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa namwona baba yangu, mtu anayejua kila treni inakokwenda, akiwa amepotea.

Mwishowe alisimama kando ya tuta moja lisilo na msalaba wala jina.

"Njo hapa," akasema.

Alisema kwa nguvu. Lakini macho yake yalikuwa bado yanazunguka kwenye matuta mengine. Nilijua, na yeye akajua kwamba najua. Alipiga magoti akang'oa majani kwa mikono, yote, mpaka tuta likabaki udongo mtupu. Nikaweka maua yangu katikati. Nikayazungusha yatazame pande zote. Baba akafanya ishara ya msalaba, akaomba kwa Kiluba, kwa sauti niliyokuwa nimesahau kwamba anayo.

Tuliporudi, treni ilikwenda vizuri kuliko kawaida yake. Ilikuwa mchana mweupe tulipofika daraja la Bukama, na mto Lualaba ukawa chini yetu, mpana, umetulia. Watu walisogea madirishani. Baba hakusogea.

"Mama yako alikuwa anaogopa hapa," akasema.

Nilimgeukia.

"Kila mara tukipita. Alikuwa anafunga macho, anashika mukono wa shati yangu, hivi. Siku moja aliipasula." Akanionyesha mkono wa shati kana kwamba bado umepasuka. Kisha akaendelea. Akaniambia kwamba Mama alizaliwa Malemba-Nkulu, kando ya mto huu huu, na kwamba aliogopa daraja lakini hakuogopa maji. Akaniambia kwamba walikutana stesheni, yeye Mama akiuza samaki waliokaushwa, na kwamba alikataa kumuuzia samaki wa mwisho kwa sababu, alisema, mtu mwenye kazi ya reli angepata wengine kesho. Akaniambia kwamba katika kwaya ya parokia alikuwa anaimba nje ya sauti za wenzake na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sikuwahi kusikia maneno mengi hivyo kutoka kinywani mwake. Yalimtoka polepole, moja likivuta jingine, na hakunitazama, alitazama dirisha, na mimi niliegemea ubavu wake nikisikia sauti yake kupitia mfupa.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa sijalala vizuri tangu tuondoke Kamina. Jua liliingia dirishani likanipiga usoni, behewa likawa linatikisika, na kabla hatujafika Kabondo-Dianda nilikuwa nimelala.

Niliamshwa na breki. Tulikuwa Kamina, watu wanashusha mizigo. Baba alikuwa bado amekaa vilevile, mkono wake juu ya kichwa changu, na nilisikia sentensi yake ya mwisho: "... njo vile alikuwa." Kisha akasimama, akavaa kofia.

Hakurudia tena. Si kwamba nilimwomba akakataa. Alirudi kwenye ukimya wake wa zamani, sasa ukiwa mwepesi zaidi, na mimi nilikuwa mtoto, nilidhani kuna wakati. Yaya Mado aliolewa akahamia Kalemie, na mapambo ya arusi yake niliyatengeneza mimi. Miaka ikapita. Nimewauliza watu waliomjua Mama, nimeokota hiki na kile, lakini kila mtu ana mama yake tofauti wa kunipa, na hakuna anayenipa yule wa Baba.

Baba alifariki kabla ya mvua za mwaka huu. Siku zake za mwisho nilikuwa nakaa naye uani mchana, nikimnyoa ndevu. Alikuwa anazungumza kidogo, akili yake ikiwa safi. Siku moja nikapata ujasiri.

"Baba, siku ile mu treni, tukitoka Lubumbashi. Kisha Bukama, nililala. Ulisema nini pale nililala?"

Alipangusa sabuni iliyokuwa inamkauka shavuni. Kisha akatabasamu.

"Nilisema yote, mwanangu," akasema. "Yote."